Mgombea akikutajia dini, muulize kiti chake kina mamlaka gani

Kwa sheria yetu Tanzania hakuna chama cha dini. Tangu vyama vingi virudi 1992, Sheria ya Vyama vya Siasa inakataza kusajili chama kinachopigania maslahi ya dini moja, na ibara ya 20 ya Katiba inasema hivyohivyo. Lakini nimekuwa wakala wa chama hapa Tanga, nimepita nyumba kwa nyumba Makorora na Ngamiani, na najua dini haihitaji usajili ili iingie kwenye uchaguzi. Inapitia barazani kwenye kahawa, kwenye sauti zinazosambazwa WhatsApp, na kwa mgombea ambaye Ijumaa za kampeni tu ndiyo unamkuta safu ya mbele.

Ahadi niliyokuwa nikiulizwa sana mlangoni ni Mahakama ya Kadhi, ya kuamua ndoa na mirathi za Waislamu. Wazee wetu wanaitaka kwa dhati, na wana haki ya kuitaka, maana mirathi na talaka zinavunja familia. Wenzetu wa Mombasa wanayo, imo kwenye katiba ya Kenya. Zanzibar wanayo. Huku Bara, CCM iliandika kwenye ilani yake ya 2005 kwamba italipatia suala hilo ufumbuzi. Miaka 10 baadaye, 2015, muswada uliolihusu ukaondolewa bungeni bila kupitishwa. Chama chenye serikali na wabunge wengi hakikulifikisha mwisho. Diwani wa kata anayekuahidi atalifikisha kwa kikao gani?

Basi muulize hivyo hivyo, kwa adabu, mbele ya watu. Mbunge mtarajiwa akueleze atapeleka hoja gani na nani atamuunga mkono. Diwani mbane kwa yaliyo mikononi mwa halmashauri: ushuru wa soko la Mgandini, mitaro, zahanati.

Na mtu akikwambia Tanga hupiga kura kwa dini, mkumbushe 2015. Kwenye ubunge wa Tanga Mjini, Mussa Mbarouk wa chama cha upinzani cha CUF alimng'oa Omari Nundu wa CCM, Mwislamu kwa Mwislamu. Mwaka huohuo CUF, iliyokuwa ikiitwa chama cha Waislamu, ilikuwa ndani ya UKAWA, umoja wa vyama vya upinzani, ikimwombea kura za urais Edward Lowassa, Mlutheri. Kule Mombasa nako, 1992, chama cha Kiislamu cha IPK kilinyimwa usajili kwa sababu ya dini, nguvu yake ikahamia chama cha upinzani cha FORD-Kenya, na bado Shariff Nassir wa KANU, chama tawala, akabaki na jimbo la Mvita. Makundi ya wafuasi wa wagombea, ajira, bei za vitu, hasira juu ya aliyekaa bila kufanya kazi: hayo nimeyasikia milangoni kuliko aya yoyote.

Kwa maimamu, mapadre na makatekista nina ombi moja. Maadili ya uchaguzi hayaruhusu kampeni katika nyumba za ibada. Mgombea akiomba dakika tano baada ya swala au misa, mkaribisheni aswali au asali kama wengine, kisha mwelekezeni uwanja wa Tangamano.