Maswali na Majibu ya Muziki: Uzito wa Black Sabbath

SWALI: Ndugu Mhariri, napiga gitaa la umeme katika bendi ya vijana na tunajaribu nyimbo za zamani za Black Sabbath, bendi ya roki nzito ya Uingereza. Niliambiwa siri yao ni kulegeza nyuzi. Nimezilegeza, sasa zinagonga freti (vile vyuma vya kukingama shingoni), na nikipanda juu ya shingo sauti haziko sawa. Nifanyeje?
*Msomaji, Morogoro*

JIBU: Aliyekuambia amekupa nusu ya habari. Albamu zao mbili za kwanza, zote za 1970, kwa sehemu kubwa zilipigwa kwa tyuni ya kawaida ya E, yaani uzi mnene ukilia noti ya E. Ile ya kwanza ilirekodiwa London kwa siku moja tu, Oktoba 1969. Usikilize wimbo wenye jina la bendi: mpiga gitaa Tony Iommi anapiga noti ya G, anapanda kwenye G ya juu yake, kisha anatua C#. Kutoka G hadi C# ni nusu toni sita (nusu toni moja ni freti moja), umbali usiotulia sikioni, na kitisho cha wimbo kinatoka hapo. Besi ya Geezer Butler inafuata gitaa lenyewe, na Bill Ward kwenye ngoma hana haraka. Bendi nyingi changa huharibu hapa: huongeza mwendo na kujaza kila nafasi. Acheni noti ilie hadi ififie ndipo mpige inayofuata.

Kulegeza nyuzi kulishika kasi kwenye albamu ya tatu, *Master of Reality* ya 1971, na chanzo chake ni vidole. Iommi hupiga kwa mkono wa kushoto. Mwaka 1965, akiwa na miaka 17, mashine ya kiwanda cha mabati Birmingham ilimkata ncha za kidole cha kati na cha pete cha mkono wa kulia, ule unaobana nyuzi. Aliyeyusha plastiki ya chupa ya sabuni, akajitengenezea vifuniko vya ncha, akavivisha ngozi. Vifuniko hivyo havihisi uzi, kwa hiyo alitafuta nyuzi nyembamba mno, hata za banjo, kisha akazilegeza ili zikubali kuvutwa.

Wewe mwenye vidole vizima usimwige kwenye wembamba. Seti ya nyuzi ya 10 hadi 46 (unene kwa sehemu za elfu za inchi) ikishushwa nusu toni tatu hulegea sana. Nunua ya 11 hadi 54, au 12 hadi 56. Kutoka uzi mnene kwenda mwembamba, tyuni iwe C#, F#, B, E, G#, C#. Uzi mpya usipokaa kwenye mfereji wake kule kichwani, fundi aupanue kidogo. Ukilazimishwa utanasa na tyuni itaruka kila unapouvuta.

Kugonga freti kunatokea kwa sababu mvuto umepungua na shingo imerudi nyuma. Bana uzi mnene kwenye freti ya kwanza na ya mwisho, utazame freti ya 7: pabaki uwazi wa takriban milimita 0.25. Hakuna uwazi? Legeza chuma cha ndani ya shingo robo mzunguko, tyuni upya, pima tena. Ukiona kigumu, acha. Kikikatika, ukarabati wake ni ghali.

Sauti za juu zirekebishe mwisho. Gusa uzi juu ya freti ya 12 bila kuubana, upige, kisha ubane hapohapo na upige tena. Iliyobanwa ikiwa juu zaidi, rudisha kitandiko cha uzi huo pale darajani nyuma, mbali na shingo. Ikiwa chini, kisogeze mbele.

SWALI: Je, ni kweli Black Sabbath ilikufa mwimbaji wao Ozzy Osbourne alipofukuzwa 1979?
*Msomaji, Tanga*

JIBU: Hapana. Iommi aliiendeleza, na ndiye peke yake aliyemo katika albamu zote. Ronnie James Dio alichukua kipaza sauti, kisha wakapita Ian Gillan, Glenn Hughes na Tony Martin. Ozzy alirudi 1997, akaimba kwenye albamu ya mwisho, *13*, mwaka 2013, na ziara ya kuaga ikaishia Birmingham Februari 2017. Wanne wa mwanzo walipanda jukwaani pamoja tena 5 Julai 2025 kwenye uwanja wa Villa Park, siku 17 kabla ya Ozzy kufariki. Kwa Dio, anza na *Heaven and Hell* ya 1980. Kwa Martin, *Headless Cross* ya 1989, ambayo wapenzi wengi wa Ozzy wanaipita bila haki.