Slaidi Ikigoma, Usiisukume: Kuunganisha Bastola Baada ya Kuisafisha

Ninamiliki kwa kibali bastola aina ya CZ 75, muundo wa milimita 9 uliobuniwa Chekoslovakia katika miaka ya 1970, na kwa kuwa naishi Kigamboni, ambako upepo wa bahari huleta chumvi hadi ndani ya kabati lililofungwa, nalazimika kuisafisha mara kwa mara. Kuifungua ni kazi rahisi. Kuiunganisha ndiko kunakohitaji utulivu.

Kabla sijarudisha kipande chochote, risasi zote huwa ziko chumba kingine, na chemba, yaani tundu la nyuma ya mtutu ambamo risasi hukaa, naikagua upya kwa macho na kwa kidole, hata kama niliikagua wakati wa kufungua.

Mtutu hurudi kwanza ndani ya slaidi, ile sehemu ya juu inayoteleza mbele na nyuma, kisha springi inayoirudisha mbele, pamoja na fimbo yake. Hapa ndipo penye kosa kubwa. Kitako cha fimbo hiyo lazima kikae sawasawa kwenye pengo lililochongwa chini ya mtutu, kwani kikikaa upande, slaidi itaanza kuingia vizuri kwenye reli za fremu, yaani sehemu ya chini yenye mshikio, halafu itakwama katikati. Jioni moja umeme ulikuwa umekatika, nikafanya kazi hiyo kwa mwanga wa simu. Slaidi ilipogoma nikaisukuma kwa nguvu ya kiganja, nikadhani ni ukavu wa mafuta. Ilinichukua karibu saa nzima kuitoa, na mkwaruzo ulioachwa kwenye reli upo hadi leo. Ndiyo maana nasisitiza: vipande vya bastola vilivyokaa mahali pake huingiana kwa mkono mwepesi, na ukinzani wowote ni ishara ya kurudi nyuma na kutazama upya.

Slaidi ikishaingia, irudishwe nyuma hadi alama mbili ndogo zilizo upande wa kushoto, moja kwenye slaidi na nyingine kwenye fremu, zilingane, ndipo pini ya kizuizi cha slaidi ipenyezwe. Pini ikiishia nusu, tikisa slaidi taratibu mpaka tundu la chini ya mtutu lilingane nayo. Usiigonge kwa nyundo. Wenye bastola aina ya Glock hawana hatua hii ya pini.

Mafuta yawe utando mwembamba tu, kwa sababu yakizidi hunasa vumbi.

Mwisho, bastola ikiwa bado tupu na imeelekezwa mahali salama, vuta slaidi mara kadhaa uone kama inarudi yenyewe hadi mwisho. Kisha, nyundo ya bastola, kile kipande cha nyuma, ikiwa imekokiwa, yaani imevutwa nyuma tayari kufyatua, weka kizuizi cha usalama na uvute kifyatulio: nyundo isianguke. Ikianguka, silaha hiyo isitiwe risasi hata moja, bali ipelekwe kwa fundi wa silaha mwenye leseni.