Magari yamegeuza mtaa wetu njia ya mkato

SWALI: Shikamoo mzee. Naishi Ipuli, hapa Tabora, na nina watoto watatu. Mtaa wetu ni wa vumbi, nyumba zimebanana, watoto wanacheza chini ya mwembe. Tangu barabara kubwa ya jirani iwekwe matuta, madereva wamegundua kwamba wakichepukia kwetu wanatokea mbele bila kupunguza mwendo. Noah, kirikuu, bajaji, bodaboda, wote mbio. Wiki iliyopita kirikuu ilimkosakosa mwanangu wa darasa la pili akitoka dukani. Vijana wanataka Jumapili tujenge matuta yetu ya udongo na magogo, kila nyumba ichange elfu mbili. Mume wangu anasema tuchange. Mimi nasita. Tufanyeje?

JIBU: Marahaba mwanangu. Alhamdulillahi mtoto yu salama.

Kusita kwako kuna sababu. Zamani, mtaa niliokuwa nakaa, tulijenga tuta la magogo, na udongo nilibeba mimi mwenyewe. Halikuwa na rangi wala kibao. Usiku wa tatu kijana wa bodaboda, akimkimbiza mama mjamzito hospitali, alilivaa gizani. Mama alinusurika na mimba yake, ila kijana alivunjika mguu. Nilikuwa naendesha fuso miaka hiyo, nikijiona naijua barabara, na bado nilishika koleo. Mvua za Novemba zilipoanza, tuta likazuia maji, yakaingia nyumba mbili.

Tuta zuri si gogo. Umbo moja linalotumika sana, lililotokana na utafiti wa Uingereza, lina urefu wa mita 3.7 kufuata njia na kimo cha sentimita 10 tu katikati. Anayekwenda taratibu linambembeleza, mwenye mbio linamrusha. Halafu barabara za mitaa ziko chini ya TARURA, wakala wa serikali wa barabara za vijijini na mijini, tangu 2017, kwa hiyo mkijenga bila idhini yao na mtu akaumia, lawama ni yenu.

Basi kabla ya koleo, shikeni daftari. Pimeni mita 100 kwa kamba, wekeni jiwe kila mwisho, mmoja ahesabu sekunde kwa simu. Mwendo wa juu katika makazi kisheria ni kilomita 50 kwa saa. Anayemaliza mita hizo chini ya sekunde 7 amezidisha. Fanyeni siku tatu, asubuhi watoto wakienda shule na jioni wakicheza, mkiandika aina ya chombo na saa.

Nami nakwambia wazi, hata 50 ni nyingi mno kwa mtaa kama wenu. Kwa mwendo huo gari linakula karibu mita 14 kila sekunde, dereva hajagusa hata breki, na juu ya vumbi tairi zinateleza. Mwendo ukiwa mara mbili, umbali wa kusimama baada ya kukanyaga breki unakuwa mara nne. Ombeni 30.

Daftari hilo lipelekeni kwenye mkutano wa mtaa, liingie kwenye muhtasari, kisha mwenyekiti na mtendaji waandike barua TARURA, nakala kwa diwani na kwa trafiki. Msiombe tuta moja. Dereva akilivuka moja anakanyaga mafuta kufidia, mnabaki na vumbi na kelele. Ombeni matuta kadhaa yaliyokaribiana, yenye rangi na vibao. Au, na hili ndilo ningelipigania mimi, upande mmoja wa mtaa ufungwe kwa nguzo, watu na baiskeli wapite, gari la wagonjwa liingilie upande wa pili. Njia isiyotokea popote haina mkato. Ila bodaboda watapenya katikati ya nguzo, kwa hiyo hao mwenyekiti awafuate kijiweni kwao. Wengi ni vijana wenu, wana viongozi wao na wanasikilizana.

Mweleze mume wako habari ya yule kijana wa bodaboda. Zile elfu mbili zitoshe nakala za barua na nauli ya kufuatilia, maana barua isiyofuatiliwa inalala.

Na kirikuu ile, kama kuna aliyeshika namba zake, zipelekeni kwa trafiki kesho asubuhi. Hilo halingoji mkutano.