Kwa nyie mnaoanza kazi kwenye maktaba ya abasia: niliyofundishwa na Bruda mzee

Tumsifu Yesu Kristo. Naanza hivo makusudi, maana mi siku yangu ya kwanza nilimwendea mtawa mtunza maktaba, ndo huyu Bruda, na "habari za asubuhi", akanijibu vizuri tu, baadae mfanyakazi mwenzangu ndo akaniambia huku salamu ni hiyo na mwenzio anakujibu "milele, amina". Shika hilo kwanza. La pili ni kengele, ikilia ya sala ya mchana Bruda anafunga anaenda kanisani hata kama umebakiza boksi moja, kwa hiyo usipange kazi ambayo haiwezi kukatwa katikati.

Nawaandikia nyie mnaokuja kusaidia vitabu na nyaraka za Wabenediktini, watawa wa Kikatoliki wa Mtakatifu Benedikto, huku kusini mwa Tanzania. Najua mna diploma za ukutubi, mnajua katalogi, mnajua kompyuta, vizuri kabisa. Lakini kuna kitu kimoja sikufundishwa chuoni, kwamba mpangilio wa makaratasi nao ni habari, na ukiuvuruga hakuna programu itakayokurudishia.

Mi niliuvuruga. Wiki ya kwanza nilikuta boksi la barua na vikaratasi, barua ya 1926, halafu risiti ya mabati, halafu barua ya 1924, nikaona huu mchafuko, nikakaa siku nzima nikapanga kwa tarehe na risiti nikaziweka peke yake, nikatoa na klipsi zote za kutu. Bruda aliporudi alikaa kimya muda mrefu halafu akaniuliza, "mwanangu, ile barua ya 1924 ilikuwa nyuma ya risiti gani?" Sikujua. Kumbe yule padre wa zamani alikuwa anaiweka barua pamoja na kitu inachokielezea, ile risiti ndo ilikuwa inaonyesha jengo gani linazungumzwa. Tulitumia wiki tatu kurudisha kwa kufuata alama za kutu zilizobaki kwenye karatasi, na nyingine mpaka leo hatuna uhakika nazo. Kwa hiyo boksi jipya lifungue, andika kwa penseli kila kitu kilivyokaa, piga picha kwa simu, ndo uguse. Penseli, sio kalamu ya wino. Na selotepu usiilete kabisa humo ndani, inageuka njano na inakula karatasi.

Aliniambia tena kitu kutoka Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, kile kitabu cha taratibu za maisha ya watawa hawa, sura ya 31, kwamba vyombo vyote vya monasteri vitunzwe kama vyombo vitakatifu vya altare, na sura ya 48 inasema Kwaresima ikianza kila mmonaki apewe kitabu kutoka maktaba akisome kwa mfululizo mpaka mwisho. Yaani kwa hawa watu kitabu ni sehemu ya sala toka karne ya sita. Ukilijua hilo utaelewa kwa nini anakukasirikia ukiweka kikombe cha chai juu ya kitabu.

Sasa historia, hapa naomba msome taratibu maana bila hii utafanya kazi gizani. Wamisionari Wabenediktini wa St. Ottilien, Ujerumani, walifungua kituo Pugu 1888, na Januari 1889 wakati wa vita vya Abushiri kikavamiwa, mabruda wawili na sista mmoja wakauawa. Peramiho ilianzishwa 1898 na Padre Cassian Spiss, baadae akawa askofu, na yeye mwenyewe akauawa Agosti 1905 akiwa njiani huko Liwale pamoja na mabruda wawili na masista wawili, Maji Maji imeanza. Misheni ya Peramiho ikachomwa, Lukuledi na Nyangao nazo hivyohivyo, Ndanda ikaanzishwa 1906. Kwa hiyo mtu akikuomba karatasi za Peramiho za kabla ya 1905 usishangae rafu ikiwa tupu, ule uwazi wenyewe ni moto, na mara nyingi kilichobaki ni kile walichokuwa wanakituma Ulaya kuchapwa kwenye magazeti ya misheni. Halafu Vita Kuu ya kwanza ikaja, Wajerumani wakaondolewa, miaka ya 1920 wakaja Waswisi akiwemo Gallus Steiger, na 1931 eneo likagawanywa, Ndanda huku na Peramiho kule.

Lakini Bruda hakuniachia niishie hapo. Alinipa kitabu cha Padre Elzear Ebner kuhusu historia ya Wangoni, akasema soma na upande ule. Humo unakutana na misheni iliyochoma kibanda cha mahoka, yaani mizimu ya mababu, cha Nkosi (chifu wa Wangoni) Mputa Gama kabla ya vita, na unakutana na 27 Februari 1906 pale Songea, Wangoni zaidi ya 60 walionyongwa na Wajerumani, Mputa akiwa mmoja wao. Kronika, yaani daftari la matukio ya misheni, iliandikwa na aliyejua kuandika na upande wake, ni ya kweli ila sio yote, na ukiandaa orodha ya nyaraka usiweke "waasi" kwa sababu tu karatasi ya Kijerumani imeandika hivo.

Kuhusu kusoma hizo karatasi zenyewe, jifunzeni mwandiko wa mkono wa Kijerumani wa zamani, ule wa Kurrent, e inafanana na n kabisa, mi ilinichukua miezi. Na tahajia. Songea utaikuta Ssongea, Juma utaikuta Dschuma. Alikuja mzee mmoja anatafuta ubatizo wa baba yake, ameambiwa sehemu mbili kwamba jina halipo, tukakaa na daftari la Kilatini, tukatafuta kwenye Ch hakuna, kwenye J hakuna, Bruda akafungua Tsch, maana Wajerumani ndo wanavyoandika ch yetu, na kidole chake kikasimama hapo. Jina la baba, jina la bibi, kijiji. Yule mzee aliomba aliguse, na Bruda, ambaye mimi hanikubalii niguse wino wa daftari lile hata siku moja, akamshika mkono akauweka pembeni ya jina.

Mchwa nao, karibu nisahau. Rafu isiguse ukuta, na kila Jumamosi kagua chini kwa tochi.