Maswali ya udahili: usimwambie mtu "niwekee chochote"

Tangu matokeo ya kidato cha sita yatoke, ujumbe haukatiki, usiku na mchana. Nimechagua maswali saba. Mliouliza "dirisha linafungwa lini" sikuwajibu: tarehe za kila awamu ya maombi zimo kwenye tangazo la TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu, na kwenye tovuti ya chuo unachokiomba. Zisomeni.

"Binti yangu amepata D ya Jiografia, E ya Kiswahili na S ya Historia. Chuo kikuu watamchukua?" (Mama, Makorora)

Kwa shahada, hapana mama. TCU inataka prinsipo mbili, yaani ufaulu wa A hadi E, zenye jumla ya pointi 4 kwa uchache, tena katika masomo yanayoendana na kozi. A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1. Binti ana 3. Ile S ni nusu pointi na si prinsipo, haimvushi.

Lakini asikae ndani kwa aibu. Aombe stashahada kwenye chuo kinachotambuliwa na NACTVET, baraza linalosimamia elimu ya ufundi, au kozi ya msingi ya kujiandaa na shahada ya Chuo Kikuu Huria, ambacho kina kituo hapahapa Tanga. Akiimaliza na GPA (wastani wa alama) ya 3.0 ataomba shahada kama wenzake. Na akija mtu kukwambia anamjua mtu wa "kumrekebishia pointi", mfunge mlango. Matokeo yanatoka NECTA, Baraza la Mitihani, kwa namba ya mtihani, hayaandikwi kwa mkono wa mtu. Hela yako italiwa na binti atabaki na 3 yake.

"Chuo gani kizuri?" (Kijana, Chumbageni)

Kizuri kwa kusomea nini? Niandikie tena ukishajua.

"Nimechaguliwa vyuo viwili. Namba ya kuthibitisha imekwenda kwenye simu ya kijana wa steshenari aliyenijazia fomu, na simu yake haipatikani. Siku zimebaki tatu." (Msomaji, Pangani)

Kwanza usisubiri kijana awashe simu. Kama nywila unayo, ingia kwenye akaunti yako ya chuo unachokitaka, badilisha namba ya simu kama mfumo unaruhusu, kisha omba namba ya kuthibitisha itumwe upya. Kama na nywila anayo yeye, piga simu ofisi ya udahili ya chuo leo hii, si kesho. Wapigie kwa namba iliyo kwenye tovuti yao, uwe na cheti cha kidato cha nne na kitambulisho mkononi. Ikibidi kupanda basi, panda. Aliyechaguliwa zaidi ya chuo kimoja asipothibitisha ndani ya muda, nafasi hupewa mwingine.

Sasa nisikilizeni na ninyi wengine. Kuanzia mwaka 2010 maombi yalikuwa yakipita mlango mmoja, mfumo wa pamoja wa TCU. Mwaka 2017 mlango huo ulifungwa, na tangu hapo kila mwombaji anaomba moja kwa moja chuoni. Vyuo vitano, akaunti tano, nywila tano, na mara nyingi ada tano. Hapo ndipo steshenari zilipopata soko. Sina ugomvi na mtu anayekodisha kompyuta na kuchapa karatasi. Ugomvi wangu ni na mzazi anayempa mtoto hela na kumwambia "nenda ukajaziwe", na mtoto anayefika pale, akaulizwa kozi, akajibu "niwekee chochote".

Nimeyaona kwa mtoto wa dada yangu. Alitaka uuguzi na alama alikuwa nazo. Aliyemjazia aliweka namba yake mwenyewe ya simu, kama alivyowawekea wote waliokuwa kwenye foleni siku ile, na chaguo la kwanza akaandika kozi ambayo msichana hajawahi kuitamka. Tulijua awamu ya pili ikiwa imeshapita. Alikaa mwaka mzima nyumbani akisaidia kukaanga mihogo, na kila nilipopita pale nilishindwa kumtazama usoni, kwa sababu mjomba mtu ndiye niliyetoa hela ya kujaziwa.

Kwa hiyo nenda steshenari, kaa wewe kwenye kiti, shika kipanya wewe. Namba ya simu iwe yako, na laini iwe imesajiliwa kwa jina lako. Barua pepe iwe yako. Nywila andika kwenye daftari nyumbani. Na kabla hujatoka mlangoni, fungua mwongozo wa udahili wa TCU, soma sifa za kila kozi uliyoichagua, mstari kwa mstari. Unapatikana bure.

"Nina stashahada yenye GPA 2.9. Si wanaweza kuihesabu kama 3.0?" (Msomaji, Korogwe)

Hawaihesabu. Kiwango cha chini ni 3.0, pamoja na ufaulu wa masomo manne kidato cha nne, na zipo kozi zinazotaka zaidi ya hapo. Wenye 3.0 na kuendelea: msisahau namba ya uhakiki wa tuzo kutoka NACTVET, ile mnayoiita AVN. Bila hiyo ombi halisogei, na kila mwaka wapo wanaoikumbuka dirisha likiwa linafungwa.

"Nikipata chuo, mkopo unakuja wenyewe?" (Yatima, Muheza)

Hauji, mwanangu. Bodi ya Mikopo ni ombi jingine, mfumo mwingine, tarehe nyingine. Anza na RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo: cheti chako cha kuzaliwa na vyeti vya vifo vya wazazi vihakikiwe huko kwanza. Hivyo vya vifo ndivyo vinavyoeleza hali yako. Ukijaza fomu bila kuviambatisha, utaonekana kama mtoto mwenye baba na mama. Namba ya mtihani wa kidato cha nne iwe ileile kote, kwenye chuo na kwenye mkopo.

Jua pia unachosaini. Ni deni. Ukiajiriwa litakatwa kwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo ilifutwa mwaka 2021, jambo la haki kabisa, lakini deni lenyewe lipo palepale. Omba bila kuogopa, ila chagua kozi kama mtu atakayelilipa.

"Mimi ni mwalimu, shahada yangu ina GPA 2.5. Nataka uzamili." (Mwalimu, Lushoto)

Mwalimu, 2.5 ni daraja la kupita tu, na uzamili huanzia 2.7, daraja la pili la chini. Njia yako ni stashahada ya uzamili kwanza. Ukifanya vizuri hapo, vyuo vingi vitakufungulia. Kama ni mtumishi wa umma, omba ruhusa ya masomo kwa mwajiri kwa maandishi kabla hujalipa ada yoyote.

"Wakala anasema ananipeleka nje kusomea udaktari, na PCB yangu (Fizikia, Kemia, Baiolojia) ni E, S, S. Anataka malipo ya awali wiki hii." (Kijana, Ngamiani)

Usilipe. Mwulize kama amesajiliwa na TCU kama wakala wa vyuo vya nje, akuoneshe cheti, kisha ulizia TCU wenyewe kama ni kweli. Kabla ya kusafiri unatakiwa uwe na cheti cha TCU cha kutokuwa na pingamizi. Ukirudi, shahada itapelekwa kwao itambuliwe, na Baraza la Madaktari nalo litakupima kabla hujagusa mgonjwa. Kote huko watarudi kwenye hiyo E, S, S. Wazazi wameuza shamba kwa mambo haya hapa Tanga, na kijana akarudi na cheti kisichomfungulia hata mlango wa zahanati. Nenda kwenye stashahada ya utabibu, ukitimiza sifa za kidato cha nne. Nitumie alama zako za Kemia, Baiolojia na Fizikia za kidato cha nne, nitakujibu kabla ya Ijumaa.