Kabla hujachoma godoro, mhesabu miguu huyo mdudu

Mkuu, shida yako nimeisoma: umeamka na mapele mkononi, umekuta mdudu mdogo wa kahawia kwenye shuka, jirani kaapa ni kunguni na godoro lichomwe leo leo. Kiberiti weka chini kwanza. Picha yako nimeikuza mpaka ikafifia, na ninachokiona mimi ni mtoto wa mende. Ana ndevu nyembamba kama uzi, karibu zitoshane na mwili mzima. Nyuma ana vijimkia viwili. Mgongoni ana mstari uliopauka. Kunguni hana vijimkia, na ndevu zake ni fupi, zinaishia karibu na kichwa. Tena ukiwasha taa, mtoto wa mende anatimka kama kaiba. Kunguni naye anakimbilia ufa, ila mbio hizo hana.

Kunguni mkubwa ana milimita 5 hivi, bapa kama mbegu ya tufaa, hana mbawa, harukiruki. Akishashiba anavimba na kurefuka, rangi inakuwa nyekundu iliyoiva, mtu anadhani ni mdudu mwingine kabisa. Wachanga ndio wanaochanganya watu: ni weupe wa majani makavu, na damu unaiona inang'aa ndani ya tumbo.

Mapele usiyaamini. Tulipokuwa tumepanga Mburahati, mke wangu alivimba mistari mistari mgongoni, mimi niliyelala ubavuni kwake sikuwa na hata doa. Mwezi mzima nikamwambia ni mbu. Siku nimefungua kitanda tukihama, kwenye tundu la skrubu lililoshika chaga nikakuta familia nzima: wakubwa, wachanga, vimayai vyeupe vimegandia kwenye mbao, na magamba waliyojivua. Pembeni vidoti vyeusi kama vya kalamu ya wino. Nikapitisha kitambaa kibichi, vikatapakaa kahawia; kilikuwa kinyesi chao, damu yetu ikiwa imeshasagwa. Na ile harufu! Mponde mmoja utaijua: kama giligilani mbichi iliyooza kidogo. Mke wangu hajaniachia hilo la mbu mpaka leo.

Viroboto ni rahisi. Amebanwa ubavu kwa ubavu, anaruka, ukimminya kwa vidole hafi, na mara nyingi wanaanzia kwenye vifundo vya miguu. Ukiwa na paka au mbwa ndani, waanze hao. Chawa wa mwili wanaishi kwenye mishono ya nguo, hawana shida na kitanda chako.

Ambaye nataka mumjue wote ni papasi, mdudu wa jamii ya kupe anayeishi kwenye nyufa, maana huyu alinilaza. Mwaka 2009 nilipangiwa kufundisha kijiji kimoja nje ya Dodoma mjini, nikapewa chumba kwenye tembe, nyumba ya udongo, sakafu nayo ya udongo yenye nyufa. Usiku nawashwa, asubuhi sioni kitu. Nikanunua dawa kwa yule jamaa wa kipaza sauti, "kunguni, mende, viroboto, panya", nikapuliza kitanda chote. Kitanda! Kumbe wenyewe walikuwa chini, kwenye nyufa za sakafu na ukutani.

Wiki chache baadaye homa ikanipiga, kichwa kinapasuka. Nikapimwa malaria, hakuna. Homa ikaondoka yenyewe, nikarudi darasani najiona mzima. Siku kadhaa mbele, imerudi. Zahanati ya kwanza wakanipa dawa ya malaria hivyo hivyo. Ya pili, mzee mmoja wa maabara aliniuliza swali moja tu: "Mwalimu, unalala nyumba ya udongo?" Akatazama damu yangu kwenye darubini, akaona vijidudu vilivyojisokota kama kizibuo. Homa ya papasi. Nikaandikiwa antibayotiki nikapona. Kwa mama mjamzito hii homa ni hatari zaidi, inaweza kuharibu mimba, kwa hiyo asisubiri irudi mara ya pili.

Niliporudi chumbani nilichokonoa ufa kwa kijiti, akatoka mmoja: kijivu cha udongo, ngozi ngumu yenye makunyanzi kama ya ndala iliyochakaa, mkubwa kuliko kunguni, mwendo wa pole. Kichwa hukioni ukimtazama kwa juu, mdomo uko upande wa chini, kwa mbele. Miguu minane. Kunguni anayo sita, basi. Papasi ni jamaa wa kupe, ila kupe wa kawaida anang'ang'ania ngozi siku kadhaa, papasi anakunywa damu usiku chapuchapu na kurudi ufani kabla hujaamka. Kunguni kwa upande wake anakunyima usingizi na kukuaibisha mbele ya wageni, lakini haijathibitishwa kwamba anaambukiza watu ugonjwa majumbani.

Sasa wewe fanya hivi. Leo usiku, saa tisa au kumi, washa tochi ya simu ghafla, angalia mishono ya godoro na maungio ya kitanda. Ukimwona yeyote, mnase kwa selotepu, mgandishe kwenye karatasi nyeupe. Usipulize chochote kwanza, dawa itawatawanya vyumba vingine na hutajua ulikuwa na nani. Mgeuze chali, mhesabu miguu, weka hapa picha ya juu na ya tumbo. Na useme sakafu yako ni ya saruji au udongo.