Kabla Hujapanda Mizani

Wiki jana vijana watatu ninaowafundisha ndondi walinijia na swali moja: "Kocha, tupunguze vipi uzani haraka tuingie welta?" Welta ni mojawapo ya madaraja ya uzani ya mabondia. Kuhusu kusimama, kukwepa au kufunga bandeji, hakuna aliyeuliza. Haya, nianze na huo uzani, maana uliwahi kuniumbua.

Enzi zetu kikomo cha welta kwa ridhaa kilikuwa kilo 67. Kwa wanaopigania pesa ni ratili 147, karibu sawa tu. Siku mbili kabla ya pigano mimi nilikuwa na kilo 70. Nikavaa mifuko ya plastiki ndani ya sweta (siku hizo haijapigwa marufuku), nikakimbia mchangani pale Shelly, Likoni, saa saba mchana, jua la Februari. Jasho lilijaa viatuni. Maji nikisukutua tu na kutema. Kesho yake mshale wa mizani ukasimama 67 kamili, nikashangilia kana kwamba mshindi keshatangazwa.

Raundi ya pili miguu ilikataa. Ngumi naiona inakuja, kichwa hakiondoki. Kumbe zile kilo tatu hazikuwa mafuta hata kidogo, ni maji ya mwili niliyoyamwaga pale Shelly.

Kwa hivyo ukijua una pigano, anza wiki sita au nane mapema. Mahamri matano ya asubuhi yawe mawili, mbaazi kula. Viazi karai vya saa nne usiku achana navyo. Maji ya kunywa usiyapunguze, hasa kwa joto letu hili. Na kama huwezi kufika bila kujikausha, huo si uzani wako.

Wengi wenu mnamtaja Robert Wangila, na ni haki yake. Seoul, 1988, fainali ya welta, alimwangusha Mfaransa Laurent Boudouani raundi ya pili, akawa Mkenya wa kwanza kupata dhahabu ya ndondi katika Olimpiki. Mpaka leo hajapata mwenzake. Lakini nikiwauliza alikufaje, mnatazamana. Alihamia ndondi za kulipwa Marekani, na Julai 1994 akapigana na David Gonzalez mjini Las Vegas. Refa alisimamisha pigano raundi ya tisa. Wangila akalalamika kwamba bado anaweza kuendelea. Muda si muda akapoteza fahamu, na hakuamka tena. Alikuwa na miaka 26.

Hapo kwenye kulalamika ndipo ninapotaka mtulie. Yule alikuwa bingwa wa Olimpiki, anaujua mwili wake kuliko nyinyi mnavyoijua miili yenu, na bado hakujua ameumia kiasi gani. Basi nikirusha taulo kusimamisha pigano, shuka. Utanitukana ukifika kona, sawa, nimeshatukanwa sana. Na ukiumwa kichwa baada ya mazoezi ya kupigana, au ukitapika, usimeze dawa ukalala kimya. Niambie, twende hospitali usiku huohuo.

Kati ya wale watatu, mmoja ana miaka 17 na bado anarefuka. Nimemwambia apande uzani unaofuata. Amenuna, siku ya pili leo hajaja mazoezini. Glavu zake nimezianika dirishani.